Umeme hafifu wa jioni na tangi la samaki: nianze kulinda nini?

"Shikamoo fundi. Naishi Kwa Mrombo, Arusha, nyumba ya kupanga. Nina tangi la samaki la lita 100 lisilo na mfuniko, ndani kuna angelfish wanne na guppy wengi. Kila jioni kuanzia saa moja umeme unakuwa hafifu, taa zinafifia mpaka kama saa tano usiku. Mchana jirani mwenye karakana akianza kuchomelea mageti, taa zinachezacheza. Fundi mmoja alipima jioni akapata volti 168. Hita ya wati 100 haifikishi joto. Nilibadilisha nikidhani ya kwanza ni feki, hali ni ile ile, na asubuhi za baridi hii maji yanakuwa digrii 23 badala ya 26. Pampu mbili za hewa zimekufa. Ya pili tulipoifungua tulikuta maji na kutu; huwa naiweka chini kwenye kabati isipige kelele. Adapta ya taa ya LED ilipasuka 'pa!' siku umeme uliporudi. Filta nayo umeme ukirudi inaunguruma tu, haizunguki mpaka niitikise. Muuzaji mjini ananiambia nichukue stabilaiza ya VA 5,000, rafiki yangu anasema UPS ya kompyuta inatosha, mwenye nyumba anasema ekstensheni yenye swichi nyekundu inakinga. Nina pesa ya kitu kimoja. Ninunue nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa samaki na pole kwa mfuko. Umefanya vizuri kueleza kila kifaa kilivyokufa, maana fundi asiyeambiwa dalili hubaki kubahatisha. Nikisoma maelezo yako naona matatizo manne, na wewe umeyapa jina moja tu: umeme mbovu. Pampu za hewa sidhani kama ziliuawa na volti. Hita zako zote mbili huenda ni nzima. Filta inahitaji kusafishwa kabla ya kulindwa. Adapta ndiyo pekee iliyopigwa na umeme kwa maana halisi. Ndiyo sababu kila mshauri wako amekupa dawa tofauti, na hakuna dawa hata moja kati ya hizo tatu inayotibu yote.

Nianze na pampu ya hewa, kwa kuwa ndiyo inayoshika roho za samaki wako.

Pampu ikiwa inafanya kazi, hewa inayosukumwa huzuia maji yasiingie kwenye mpira. Umeme ukikatika msukumo unakoma, maji yanapanda ndani ya mpira, na kama tangi limejaa karibu na ukingo yanaweza kuvuka. Yakishavuka hakuna kinachoyazuia: pampu iko chini, maji yako juu, yatashuka yenyewe hadi ndani ya pampu. Umeme unaporudi unakuta koili imelowa. Ukifungua pampu iliyonyweshwa hivyo utaona kimkono kidogo chenye sumaku kwenye ncha yake kimeota kutu, vile vivalvu vya mpira vimeganda kwa chokaa nyeupe, na chini ya koili kuna alama ya maji ya kahawia. Nadhani ndicho mlichokiona. Volti ndogo peke yake haifanyi hivyo. Volti ikishuka sumaku hutikisika kidogo, mapovu yanapungua, basi. Ikipanda tena mapovu yanarudi.

Tiba yake ni ya bei ndogo mno. Weka pampu juu ya usawa wa maji, kwenye rafu au itundike ukutani, na kwenye mpira wa hewa unganisha valvu ya kuzuia maji kurudi. Ni kitu kidogo cha plastiki kinachouzwa na wauzaji wa vifaa vya samaki. Angalia upande: pulizia kwa mdomo, upande unaopitisha pumzi ndio uelekee kwenye tangi. Kama kelele ndiyo iliyokufanya uifiche kabatini, kata kipande cha sponji uweke chini ya pampu hapo rafuni. Fanya hivyo hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Sasa tuje kwenye volti yenyewe. Watu wengi hapa Arusha wananiuliza: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, mbona taa yangu bado inafifia jioni? Wanachanganya mambo mawili. Megawati za bwawani zinahusu kama nchi ina umeme wa kutosha kuzalisha. Kufifia kwa taa yako kunahusu safari ya mwisho, kutoka transfoma ya mtaa hadi soketi ya nyumbani kwako. Waya una ukinzani, yaani unaukwamisha umeme kidogo, hata uwe mnene namna gani, na kadiri mkondo mkubwa unavyopita ndivyo volti nyingi zinavyopotelea njiani. Tuseme kati ya transfoma na nguzo yako kuna ukinzani wa nusu omu. Mtaa ukivuta ampia 60 kwenye fezi yako (mmoja wa nyaya tatu za umeme zinazogawiwa nyumba za mtaa), volti 30 zimeishia njiani. Ukivuta ampia 100, zimeishia 50. Ni mambo yale yale ya bomba la maji: nyumba za mwanzo wa mtaa zikifungua koki zote, ya mwisho inapata kichuruziko, hata kama tangi la mamlaka limejaa pomoni.

Saa moja jioni kila mtu yuko nyumbani: majiko ya umeme, pasi, birika, friji, televisheni. Ndiyo hiyo 168 yako. Mchana, jirani anapogusisha fimbo ya kuchomelea kwenye chuma, mashine yake inavuta mkondo mkubwa kwa sekunde chache, inaacha, inavuta tena. Taa zako zinacheza kwa mdundo wa kazi yake. Kama mko fezi moja, utaumia wewe. Wa nyumba ya tatu aliye fezi nyingine huenda haoni kitu.

Umeme wetu umepangwa kuwa volti 230, na vifaa vingi vya nyumbani hutengenezwa kuvumilia kama asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya 207 na 253. Kwa hiyo 168 iko chini mno, hilo halina mjadala. Lakini kila kifaa cha tangi kinaumwa na 168 kwa namna yake.

Hita ndiyo rahisi kuieleza. Ndani yake kuna waya wa ukinzani tu, na nguvu ya waya wa ukinzani hufuata volti mara volti. Gawanya 168 kwa 230 unapata 0.73, zidisha yenyewe kwa yenyewe, unapata 0.53. Hita yako ya wati 100 jioni ni hita ya wati 53. Haijaharibika na haiharibiki kwa hilo, inanyimwa nguvu tu. Ndiyo maana ya pili ilifanya vile vile kama ya kwanza, na ukinunua ya tatu ya bei mbaya itafanya hivyo hivyo. Usiitupe ile ya kwanza, nitakuambia kazi yake.

Kuna jambo la pili kuhusu hita ambalo siyo la umeme. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni, Julai na Agosti sebule isiyo na dari nzuri hupoa hasa. Tangi la lita 100 lililo wazi juu hupoteza joto kwa kasi, na sehemu kubwa ya joto hilo huondoka na mvuke. Kupandisha lita 100 kwa digrii moja kunahitaji kama watisaa 116, yaani hita ya wati 100 ifanye kazi zaidi ya saa nzima bila joto lolote kupotea. Sasa fikiria: jioni hita inatoa nusu, maji yanapoa, saa tano usiku volti inarudi, lakini chumba nacho kimeshakuwa baridi, wati 100 zote zinakwenda kufidia kinachopotea, hakibaki cha kupandisha. Asubuhi unakuta 23. Mwenzako wa Moshi mjini, chini zaidi na kwenye joto zaidi, angekuwa na volti hiyo hiyo 168 na asione tatizo lolote kwenye kipimajoto.

Basi funika tangi. Kioo, au plastiki ngumu inayopitisha mwanga, iachie nafasi ya mipira, na upande wa nyuma na wa pembeni bandika bodi ya povu. Halafu rudisha ile hita ya kwanza. Hita mbili za wati 100, hata kwa volti 168, zinakupa wati 106, na usiku volti ikikaa sawa temostati zitazima zenyewe maji yakifika 26. Napenda hita mbili ndogo kuliko moja kubwa kwa sababu nyingine pia: hita hufa kwa njia mbili, ama kutowaka, ama temostati kugandana na kutozima. Ndani ya nyingi za bei nafuu kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana hutoa cheche ndogo. Umeme unaokatika na kurudi mara kwa mara huongeza cheche hizo, mpaka siku moja vinashikana moja kwa moja. Hita moja ya wati 200 ikigandana hivyo inaweza kuwachemshia samaki usiku. Ya wati 100 ikigandana itapandisha joto, lakini polepole, utaona kwenye kipimajoto kabla mambo hayajaharibika. Kwa kuwa mbili zako zina wati 100 kila moja, msimu wa baridi ukiisha chomoa moja.

Filta ni hadithi nyingine. Mota nyingi za filta za tangi ni sumaku ndogo inayozunguka kwa kufuata mapigo ya umeme, mara 50 kwa sekunde. Ikishazunguka, kasi yake haitegemei volti. Hata kwa 168 inaweza kuendelea kama kawaida. Shida iko kwenye kuanza. Kuanza kunahitaji msukumo, na msukumo ndio unaotegemea volti. Umeme unaporudi baada ya kukatika, friji zote za mtaa zinaamka kwa pamoja, dakika za kwanza volti iko chini au inarukaruka, na filta yenye utelezi wa uchafu kwenye kishimo cha sumaku inabaki kutetemeka mahali pamoja. Huo ndio muungurumo unaousikia. Ikiachwa hivyo kwa saa nyingi koili inapata moto.

Chomoa plagi, fungua kichwa cha filta, toa sumaku yenye mapezi, na usugue shimo lake kwa brashi ndogo ya zamani ya meno. Angalia kijiti cha katikati kama hakijaliwa upande mmoja. Sponji za filta zioshe kwa maji uliyochota kwenye tangi, siyo ya bomba, kwa sababu klorini huua bakteria wanaosafisha maji. Na ikiwa umeme ulikatika kwa saa nyingi, usiiwashe filta ya sanduku iliyofungwa bila kuifungua kwanza: maji yaliyosimama ndani yake yameishiwa oksijeni, yananuka, na ukiyasukuma yote kwenye tangi kwa mkupuo unawapa samaki sumu.

Adapta ya LED. Hii ni kinyume kabisa cha hita. Soma ubavuni mwake, nyingi zimeandikwa 100-240V. Kwa 168 inafanya kazi bila kinyongo. Adui yake ni volti kubwa. Ndani, umeme wa 230 unageuzwa kuwa wa moja kwa moja na unafikia kama volti 325 kwenye kapasita moja nene (kikopo kidogo cha kutunzia umeme), ambayo mara nyingi imeandikwa 400V. Soketi ikipanda hadi 300 hata kwa muda mfupi, kapasita hiyo inaona 424. Kichwa chake kinavimba, ule mstari wa msalaba uliochongwa juu unapasuka, na hapo ndipo unaposikia ile "pa!" na kunusa harufu kali. Fungua adapta yako uone kama ndivyo. Kama kapasita imevimba, umeme ulirudi ukiwa juu, na hiyo ni habari muhimu kwangu kuliko ile 168. Nitairudia.

Sasa hivyo vitu vitatu ulivyoshauriwa.

Ekstensheni yenye swichi nyekundu: mwenye nyumba ana nia njema, lakini taa nyekundu ni taa tu. Zipo ekstensheni zenye kinga ya kweli ndani yake, kipande kinachomeza mruko mfupi wa volti, na hizo zina faida kwa adapta. Hata hivyo hazipandishi 168 iwe 230, na kipande kile huchakaa kila kinapopigwa bila wewe kujua. Nyumba ikiwa haina ethi nzuri, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, kazi yake inapungua zaidi.

UPS ya kompyuta: rafiki yako amelenga karibu, maana inasaidia umeme ukikatika. Lakini fanya hesabu. UPS ndogo ya kawaida ina betri ya volti 12, ampiasaa 7, yaani watisaa 84 ikiwa mpya. Ukiiwekea hita ya wati 100 haimalizi saa moja. Nyingi pia hutoa umeme wa mawimbi ya ngazingazi badala ya laini, na mota za sumaku huungurumia umeme huo na kupata joto. Kwa volti ya chini ya kila siku ni mbaya zaidi: ikiona 168 baadhi yake hukimbilia betri, betri inaisha kila jioni, na baada ya miezi michache unabaki na sanduku zito lisilo na kazi.

Kuna kitu cha nne ambacho hukutajiwa na wengi wanacho kwenye friji: kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachokata umeme volti ikitoka nje ya mipaka, kisha kinasubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Mafundi wanakiita friji gadi. Ile subira yake ni nzuri sana, kwa sababu inaruka zile dakika za kwanza za vurugu zilizoua adapta yako na kukwamisha filta. Kwa nyumba yenye umeme wa kawaida ningekwambia nunua hicho, umemaliza. Kwako nasita. Nyingi hukata volti ikishuka karibu na 180 na kitu. Ukiiweka kwenye tangi, kila jioni itazima filta, hewa na hita kwa saa nne. Utakuwa umelinda vifaa na kuua samaki. Zipo za kidijitali ambazo unapanga mipaka mwenyewe. Hizo unaweza kuweka chini 150, juu 255, na subira ya dakika tatu, na zinafaa. Zile zinazofungwa kwenye boksi la breka afunge fundi.

Stabilaiza, yaani kifaa cha kupandisha au kushusha volti iwe sawa: ndiyo, kama 168 ni ya kila jioni, hii ina haki ya kuwepo. Ila siyo ya VA 5,000 (VA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba, kinakaribiana na wati). Jumlisha mzigo wako: hita wati 100, filta kama 10, pampu ya hewa 4, taa 20. Hazifiki wati 140. Ukirudisha hita ya pili hazifiki 240. Stabilaiza ya VA 1,000 inatosha na kubaki, na nasema 1,000 badala ya 500 kwa sababu nyingi ndogo hupungukiwa uwezo zinapofanya kazi kwenye volti ya chini. Unapoinunua usitazame VA peke yake. Tazama inaanzia volti ngapi: iliyoandikwa 180 haitakusaidia kitu, tafuta inayoanzia 140 au chini yake. Uliza kama ina subira ya kurudisha umeme na kama inakata volti ikizidi. Iwashe dukani, weka mkono juu yake, sikiliza. Kulialia "tik" wakati volti inapobadilika ni kawaida, ndani kuna swichi zinazobadilisha hatua. Mngurumo mzito usiokoma siyo kawaida. Na usiipachike friji pamoja na tangi.

Kuna mambo mawili stabilaiza haiwezi. Haiwezi kufuatana na jirani anayechomelea, kwa sababu mashine yake hupanda na kushuka haraka. Itagongagonga "tik tik" mchana kutwa na swichi zake zitaliwa. Kwa saa zake za kazi, ikiwa volti ya mchana kwa wastani iko sawa, iruke, uchomeke tangi moja kwa moja ukutani. Na umeme ukikatika, stabilaiza haina chochote cha kutoa.

Hilo la kukatika ndilo ningeweka mbele ya yote kama ungeniuliza tu "nilinde nini kwanza". Linda hewa. Samaki wa tangi wanavumilia digrii 23 kwa siku kadhaa wakiwa wamezubaa. Wanavumilia giza. Hawavumilii kukosa oksijeni, na hapa kwetu maji yana oksijeni kidogo kuanzia mwanzo. Katika mwinuko wa mita 1,400 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Maji ya digrii 26 yanayoweza kushika kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita kule Dar es Salaam, Arusha hayafiki 7. Mwongozo wowote ulioandikwa na mtu wa pwani, unaosema samaki wako watakaa saa kadhaa bila pampu, upunguze. Na wewe umesema guppy ni wengi.

Nunua pampu ndogo ya hewa ya USB na uichomeke kwenye pawabenki. Pawabenki ya mAh 10,000 ina kama watisaa 37, na pampu hizo nyingi hazizidi wati mbili, kwa hiyo usiku mzima unapita. Ijaribu kwanza mchana: kuna pawabenki ambazo zikiona mzigo mdogo sana hujizima baada ya dakika chache, na hutaki kuligundua hilo saa tisa usiku. Umeme ukikatika usiwape chakula, maana samaki anayesaga chakula anatumia oksijeni zaidi na kinyesi chake nacho kinaoza. Tupia blanketi pande za tangi. Ukiona wamekusanyika juu, midomo ikigusa uso wa maji na matamvua yakienda mbio, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka urefu wa mkono, tena na tena. Yale maji yanayovunjika juu ndiyo yanayoingiza hewa, na hata mtoto anaweza kuifanya kazi hiyo kwa zamu na wewe.

Kwa hiyo pesa yako ya VA 5,000, usiipeleke kwenye VA 5,000. Kwa pesa hiyo unapata valvu ya hewa, pampu ya USB, mfuniko na stabilaiza ya VA 1,000, na huenda ukabakiza. Zinunue kwa mpangilio huohuo niliozitaja. Ukifika kwenye mfuniko na hita ya pili ukaona joto limetulia na filta safi inaanza yenyewe, stabilaiza inaweza kusubiri mshahara mwingine.

Kabla ya hiyo stabilaiza, kusanya vipimo. Kipimo kimoja cha jioni moja hakitoshi. Kuna visoma volti vya kuchomeka kwenye soketi, vina namba tu mbele, salama kuliko kuchokoa soketi kwa multimita kama hujazoea. Andika saa na namba, asubuhi, mchana na jioni, wiki nzima. Halafu fanya jaribio moja: washa birika la umeme huku ukitazama namba. Ikishuka volti tatu nne, sawa. Ikishuka zaidi ya 10 kwa birika peke yake, ukinzani uko karibu na wewe, pengine kiungo kilicholegea kwenye swichi kuu au waya mwembamba wa ndani. Hapo stabilaiza itavuta mkondo zaidi kupitia kiungo hichohicho kibovu na kukipasha moto. Waulize na majirani wa fezi yako: wakififia wote, tatizo ni la mtaa, ukififia peke yako, ni la nyumba.

Narudi kwenye ile "pa!". Ukiona taa za chumba kimoja zimefifia huku za kingine, au za jirani, zinang'aa kupita kawaida, zima swichi kuu mara moja. Hiyo ni dalili ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyokatika au kulegea upande wa nguzo. Ikitokea hivyo soketi yako inaweza kupokea volti inayoelekea 400, na hakuna ekstensheni wala stabilaiza ya dukani iliyotengenezwa kwa hilo. Usipande nguzo, usimwite kijana wa mtaani apande. Piga simu TANESCO dharura, kaa gizani, washa pampu ya USB.

Na linda watu pia. Maji na umeme vimekaa sebule moja, na mkono wako unaingia humo kila wiki. Chomoa hita na filta kabla ya kuingiza mkono; hita iache ipoe kama robo saa kabla ya kupunguza maji, kioo chake hupasuka kikikaa nje ya maji kikiwa cha moto. Waya wa kila kifaa uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kisha upande, ili tone linalotelezea waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Ukisikia hata mtekenyo mdogo kwenye kidole ukigusa maji, usiupuuze. Muombe mwenye nyumba kwa adabu lakini kwa msimamo aite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, apime ethi na kufunga breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Hilo ni la usalama wa mpangaji, awe na samaki au asiwe nao.

Mita na waya wa kutoka nguzoni usiguse, wala usimruhusu fundi yeyote akate lakiri ya LUKU akidai anakaza kiungo. Karatasi yako ya vipimo vya wiki ipeleke ofisi ya TANESCO ya wilaya na uombe mambo mawili kwa maandishi: wakague viungo vya nguzoni kwako, na waangalie kama nyumba inaweza kuhamishiwa fezi yenye mzigo mdogo. Taja karakana ya kuchomelea bila kumshitaki jirani, sema tu ipo na iko fezi gani kama unajua. Acha nakala, chukua namba ya kumbukumbu. Wasipokujibu, karatasi hiyohiyo na namba hiyo ndizo utakazopeleka EWURA.